Ni Rangi Tu

Msichana yule alikuwa ameinama juu ya sinia la maji, akiitazama picha yake ya kwanza ikijitokeza polepole, gundi ikiachia kila mahali ambapo mwanga haukufika. Halafu macho yake yakahama, yakatua kwenye kidole gumba changu. Kilikuwa na doa la kahawia kuanzia kwenye kucha hadi kwenye kiungo cha kwanza.

"Mwalimu, hilo doa halitoki?"

"Litatoka lenyewe," nikamjibu. "Ni rangi tu."

Akaridhika. Akarudi kwenye picha yake, na mikono yake mitupu ikarudi majini.

Zimepita wiki sita, na maneno hayo matatu bado yananirudia. Nikiosha vyombo yapo. Nikizima taa yapo. Sikukusudia kumdanganya, lakini kila nilipoyapima upya niliona yamekosea mara mbili. Doa lile halikuwa rangi; lilikuwa la dikromati ya potasiamu, kemikali ninayotengenezea picha. Na lile neno "tu" halikuwa na haki ya kukaa pale.

## Chupa yenyewe

Dikromati ya potasiamu ni kitu kizuri kukitazama. Lazima nianzie hapo, kwa sababu uzuri wake umechangia kunipumbaza. Fuwele zake zina rangi ya chungwa inayokaribia wekundu, zinang'aa, na ukiitikisa chupa zinalia kama changarawe safi. Hazina harufu wala hazitoi moshi. Hazinyonyi unyevu wa hewani zikagandamana, kama inavyofanya ndugu yake, dikromati ya sodiamu. Ni tulivu kiasi kwamba wanakemia huipima kwenye mizani na kuitumia kuhakikishia nguvu ya vimumunyo vingine.

Kwenye maji ya joto la kawaida inayeyuka kwa uchoyo, takriban gramu 13 katika mililita 100. Maji hayo hayo yakichemka yanameza kama gramu 100.

Amonia hukufukuza chumbani kabla haijakudhuru. Asidi inauma na mkono unaruka wenyewe. Hii hukaa kimya.

Nilifundishwa kazi hii miaka mingi iliyopita na mtu aliyechovya vidole kwenye kimumunyo cha chungwa bila kusita, nami nikachovya vyangu. Simlaumu, alinipa mengi. Lakini mkono wa mwanafunzi huanza kuiga mkono wa mwalimu kabla sikio halijasikia maelezo, na sasa mwalimu nilikuwa mimi.

## Sita inakuwa tatu

Wiki ya pili niliamua kujieleza upya kazi ninayoifanya, kana kwamba sijawahi kuifanya.

Kromi, metali iliyomo kwenye dikromati, imepungukiwa elektroni sita. Wanakemia huiita kromi sita, na katika hali hiyo ina njaa. Hutafuta elektroni kwa yeyote aliye nazo: sukari, pombe, karatasi, gundi, jelatini. Ikipata tatu hutulia, inakuwa kromi tatu, na rangi ya chungwa inageuka kijani. Vifaa vya zamani vya kupimia pombe kwenye pumzi za madereva vilitegemea badiliko hilo hilo.

Kromi tatu haina njaa ile, ila ina mikono. Hukamata minyororo mirefu ya protini au gundi, mmoja huku na mwingine kule, ikaifunga pamoja. Gundi iliyokuwa ikiyeyuka majini sasa haiyeyuki tena.

Picha ndiyo hiyo, hakuna kingine. Unachanganya gundi ya mgunga, unga wa rangi na kimumunyo cha dikromati, unapaka kwenye karatasi, unaiacha ikauke gizani. (Ikiwa mbichi haijali sana mwanga, ikikauka ndipo inaamka.) Unalaza negativu, ile filamu ambayo weusi na weupe wake umegeuzwa, juu yake na kuitoa juani. Mwanga unapopenya, sita inakuwa tatu, gundi inafungika na kuukumbatia unga wa rangi. Usipopenya, gundi inaachia ndani ya maji na kuondoka na unga wake.

Kwa hiyo weusi unaouona kwenye picha ni masizi, na wekundu ni udongo uliosagwa. Kazi ya kromi ni kushika.

Mskoti Mungo Ponton ndiye aliyetangaza, mwaka 1839, kwamba karatasi iliyolowekwa kwenye dikromati ya potasiamu hubadilika ikipigwa na jua. Ulikuwa mwaka ule ule ambao picha za fedha za Daguerre zilitangazwa Ufaransa. Fedha ilikuwa ghali, dikromati ilikuwa rahisi, na Ponton hakuiwekea hataza. Mwaka 1852 William Henry Fox Talbot alikuwa ameshaona kuwa jelatini yenye dikromati hukakamaa mwangani. Alphonse Poitevin akaitilia rangi mwaka 1855, na Joseph Swan mwaka 1864 akaifanya karatasi ya kaboni iliyoweza kuzaa picha zisizofifia.

Nimesoma habari za watu hawa tangu ujana. Kila mara nilikuwa nasoma kuhusu mwanga.

Sikuwahi kujiuliza kuhusu mikono yao.

## Sufuria iliyofunikwa

Kufuatilia chupa moja kulinifikisha kwa watu ambao sikuwatarajia, nao ni watia rangi za nguo.

Katika karne ya 19 dikromati ilikuwa dawa yao kubwa ya kushikiza rangi kwenye sufu. Gramu 2 au 3 kwa kila gramu 100 za sufu kavu, maji ya moto, muda na subira. Sufu yenyewe ndiyo inayotoa elektroni. Kromi sita inaingia ndani ya uzi, inageuka tatu, inaishika protini ya sufu kwa mkono mmoja na kuisubiri rangi kwa mkono wa pili. Magogo ya mkampeche yalitoa hapo weusi uliodumu kwenye mvua na jua. Alizarini, ambayo kwenye shabu hutoa wekundu mkali, kwenye kromi ilitoa rangi ya damu ya mzee.

Maelekezo yao yalikuwa na sharti moja lililonifanya niweke kitabu chini. Sufuria ifunikwe. Sufu ikishatolewa isikae mwangani kabla ya kutiwa rangi, maana jua likiipiga upande mmoja, rangi itashika kwa mabaka.

Walikuwa wanafunika sufuria ili wasipige picha kwenye sufu bila kukusudia.

Niliwahi kudhani hizi ni kazi mbili zinazochangia chupa moja kwa bahati. Sivyo. Ni kazi moja. Katika zote mbili unaingiza kromi sita ndani ya kitu kilichotoka kwenye kiumbe hai, unaiacha igeuke tatu humo ndani, na ikishageuka haitoki.

Sasa tazama vitu hivyo vyenyewe. Sufu ni nywele. Protini yake, keratini, ndiyo iliyotengeneza kucha zetu na tabaka la juu la ngozi yetu. Jelatini ni kolajeni, iliyochemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama.

Nikakitazama tena kidole gumba changu.

## Lile doa

Hapo ndipo nilipoelewa kile alichokuwa akikitazama msichana yule. Dikromati ilifanya kwenye ngozi yangu kazi ile ile iliyofanya kwenye karatasi yake. Haikuwa imemwagikia mahali pasipo pake. Kwayo, mahali ni popote penye elektroni.

Kromi sita hupenya ngozi kwa wepesi kuliko kromi tatu. Ikishapita, mwili unaipa elektroni, inakuwa tatu na kushika protini za pale ilipo. Protini iliyoshikwa hivyo kinga ya mwili inaweza kuiona kama mgeni. Mzio wa kromi huanza namna hiyo, na ukishaanza mara nyingi hauondoki. Baada ya hapo kiasi kidogo mno kinatosha kuamsha ukurutu: vidole vinawasha, vinatoa malengelenge, vinapasuka. Waashi wengi wameupata kwa saruji, kwa sababu saruji mbichi huweza kubeba chembe za kromi sita, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya tangu 2005 umeiwekea kikomo cha sehemu 2 kwa milioni.

Sehemu mbili kwa milioni.

Daktari wa ngozi akitaka kujua kama una mzio huo, hukubandika mgongoni dikromati ya potasiamu ya asilimia 0.5 iliyochanganywa na mafuta mazito. Hicho ni kipimo cha kuamsha kilicholala, na huwekwa kwa uangalifu. Kimumunyo changu cha kazi kina zaidi ya asilimia 10. Nimekuwa nikijipima kila wiki kwa miaka, mara ishirini ya kipimo cha daktari, bila kusoma majibu.

Penye mkwaruzo hali ni mbaya zaidi. Pale dikromati huchimba kidonda kidogo cha duara, kingo zake zimeinuka kama za kisahani, katikati kimezama. Watu wa viwandani walikiita tundu la kromi. Hakiumi sana, na huchukua muda mrefu kupona. Daktari William Cumin aliviandika vidonda hivyo Glasgow mwaka 1827, alivyoviona kwa watia rangi.

Nilisoma mwaka huo mara mbili. Ni miaka 12 kabla ya karatasi ya Ponton, na ni Scotland hiyo hiyo. Kabla hajatokea mtu hata mmoja aliyetengeneza picha kwa dikromati, tayari kulikuwa na daktari aliyeandika inavyoufanya mkono. Nilikuwa nimejiandalia utetezi kwamba hatukujua. Utetezi huo ukaisha pale.

## Pua

Kuna jambo jingine, nalo nalipitia haraka kwa sababu linanitia huzuni. Huko Rutherglen, kando ya Glasgow, kilikuwapo kiwanda cha J & J White kilichotengeneza dikromati. Vumbi lake lilitoboa ule ukuta wa gegedu unaotenganisha matundu mawili ya pua za wafanyakazi. Mwaka 1899 Keir Hardie, mwanasiasa mtetezi wa wafanyakazi, alichapisha vijitabu vilivyofichua hali zao: saa 12 za kazi, hata Jumapili, kwa tajiri, Lord Overtoun, aliyesifika kwa ucha Mungu na sadaka. Miaka tisa kabla ya hapo, daktari mmoja Glasgow alikuwa ameripoti saratani ya pua kwa mfanyakazi wa rangi za kromi. Ushahidi uliendelea kurundikana, hasa wa saratani ya mapafu, hadi mwaka 1990 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulipoziweka kemikali za kromi sita katika kundi la 1, yaani zile ambazo hakuna shaka tena kuwa huleta saratani kwa binadamu.

Njia inayotumia kuingia ni ya kusikitisha. Kromati, yaani kromi sita iliyoyeyuka, inafanana kwa umbo na salfeti, ambayo seli huihitaji. Seli inafungua mlango ikidhani inapokea chakula. Ndani, sita inaanza kugeuka tatu, na kati ya vitu vinavyoumizwa au kushikwa njiani imo DNA.

## Shaka ya upande wa pili

Wiki ya nne nilijibishana na nafsi yangu kwa uzito.

Watu wa Rutherglen walivuta vumbi mchana kutwa, miaka nenda miaka rudi. Mimi natumia gramu chache kwa mwezi. Ushahidi wa saratani ni wa kuvuta kwa pua na mdomo, wala si wa kupaka karatasi kwa brashi. Je, nisije nikawa namtisha mtoto wa watu aiache kazi nzuri kwa hofu isiyolingana na hatari? Nilimpigia rafiki aliye katika kazi hii kwa miaka 30. Akaniambia, "Mikono yangu hii hapa, mizima." Niliifurahia sauti yake. Nilitaka sana aishinde hoja.

Lakini mzio hauhesabu miaka. Mtu huishi na dikromati kwa muongo mzima bila neno, kisha siku moja mwili unakataa, na ukishakataa hausuluhishwi. Mikono yake kuwa mizima hainiambii lolote kuhusu mikono ya msichana yule. Na vumbi, ingawa langu ni kidogo, lipo: kila nikizimimina fuwele kavu kwenye mizani, chembe zinapanda. Marekani tangu 2006 wamewekea hewa ya kazini kikomo cha mikrogramu 5 za kromi sita kwa mita moja ya ujazo. Jicho haliwezi kuona kiasi hicho kwenye hewa. Mimi nilikuwa natumia jicho.

Kuna tabia ya dikromati ambayo kila mpiga picha wa aina yangu anaijua na kuilalamikia. Karatasi uliyoipaka haikai. Hata ukiifungia gizani kabisa, gundi inaendelea kufungika kidogo kidogo, na baada ya siku chache hakuna kitakachoachia majini. Tunasema karatasi imejipiga yenyewe. Kwa hiyo najua, kwa mikono yangu, kwamba kitu hiki hakingoji ruhusa ya mtu ndipo kiendelee.

Lililoivunja hoja ya rafiki yangu, hata hivyo, ni jambo dogo zaidi. Yeye alichagua, nami nilichagua, kwa ujinga au kwa kujua. Msichana yule hakuchagua. Aliuliza, na mimi nikamfungia mlango kwa maneno matatu.

## Maji ya njano

Usiku wa wiki ya tano nilikumbuka kwamba siku ile baada ya somo nilimwaga sinia lote kwenye sinki.

Wakati mwingine nafikiri hili lilinichoma kuliko kidole. Kidole ni changu. Maji ya njano yanakwenda kwa viumbe ambao hawajawahi kuona picha, na kromi sita ni sumu kali kwa vilivyomo majini, nayo husafiri vizuri kwa sababu inayeyuka.

Siku iliyofuata nilifanya kile ambacho ningepaswa kukifanya tangu mwanzo. Nilikusanya mabaki yote ya kimumunyo kwenye ndoo ya plastiki, nikafungua madirisha, nikavaa glavu za nitrili na miwani, nikatia unga wa asidi askobiki, hii hii vitamini C. Nilikuwa nimesoma kitakachotokea. Bado nilishangaa. Chungwa lilichafuka, likawa kahawia ya tope, kisha ndani ya muda mfupi ndoo nzima ikawa kijani kilichoiva, kama kioo cha chupa ya zamani.

Sita ilikuwa imekuwa tatu, mbele ya macho yangu, bila picha.

Nikaongeza magadi ya kufulia kidogo kidogo hadi tope la kijani likaanza kutua chini. Tope hilo nalo halimwagwi. Limo kwenye chombo chenye lebo, pamoja na chupa ya fuwele zilizobaki, vikisubiri watu wa taka za sumu. Na kwa yeyote atakayejaribu: usikaribishe dawa ya kupaushia yenye klorini karibu na ndoo hiyo. Inaweza kuirudisha tatu kuwa sita, na kazi yote ikawa bure. Wala fuwele zenyewe zisikae pamoja na vitambaa, karatasi au viyeyushi, kwa sababu njaa ile ile ya elektroni hulisha moto. Zisikae kabisa kwenye chupa iliyowahi kuwa ya chakula. Kiasi kisichojaa kijiko cha chai, kikimezwa, kinaweza kuua mtu mzima, na rangi yake ni ya peremende.

## Simu

Nilimpigia msichana yule. Nilikuwa nimeandika nukta kwenye karatasi ili nisijikanyage.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo picha yangu ni sumu?"

Nikamweleza kuwa picha iliyooshwa vizuri, kisha ikapitishwa kwenye maji ya metabisalfiti kama tulivyofanya, imeshaondolewa ile ya njano. Kilichobaki kimefungwa humo kama tatu, na anaweza kuitundika bila hofu. Nikamweleza achunguze mikono, na akiona kuwasha kusikoeleweka amwone daktari na ataje neno kromi.

"Sawa," akasema. Akanyamaza kidogo. "Ila nilikuuliza siku ile."

"Uliniuliza, mwanangu. Na sikukujibu."

Sikuwa na la kuongeza, na yeye hakunihimiza.

## Jumamosi

Ziko njia nyingine, na zimekuwapo kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka kukiri. John Herschel alipiga picha kwa chumvi za chuma tangu 1842. Wanaofanya picha za kaboni siku hizi wengi wamehamia kwenye kemikali iitwayo DAS, ambayo huifunga jelatini mwangani bila kromi yoyote. Watia rangi wengi walisharudi kwenye shabu na chuma. Ulaya, tangu Septemba 2017, dikromati ya potasiamu haitumiki bila kibali maalumu, na kazi za mikono hazikufa.

Lakini sitasema kwamba ni sawasawa. Dikromati inatoa vivuli laini ambavyo bado sijavipata kwingine, na kuna picha mbili ukutani kwangu ambazo sitaweza kuzirudia. Nazitazama na kuzipenda. Nimeamua hivyo na bado naumia kidogo.

Doa lilitoka wiki ya tatu, pamoja na ngozi iliyolibeba.

Jumamosi iliyopita msichana alikuja. Tulivaa glavu wote wawili, tukapaka karatasi ya jelatini kwa DAS, tukaitoa juani. Picha ilitoka hafifu, nyeupe mno upande wa mbingu, na pembe moja ikabanduka ndani ya maji. Aliiinua, akaigeuza, akaisogeza dirishani.

"Tuongeze dakika nne," akasema.

Nikaandika dakika nne.